Redio Ilitangulia

Hutaamini, lakini Kibwana alijua penalti imekoswa kabla mpira haujapigwa. Yaani kwenye tivii ulikuwa bado. Katika banda lake la kuonyeshea mpira, picha huchelewa kidogo kuliko redio, ndiyo maana wateja hawaruhusiwi kuingia na redio, wasije wakaharibu utamu. Ila mwenyewe huisikiliza kwa simu, waya mmoja sikioni.

Siku hiyo timu ya mtaa ilikuwa fainali, na penalti ya mwisho alipewa mwanawe, Hamduni. Mke wa Kibwana, Bi Riziki, ambaye hajawahi kukanyaga bandani, alikaa benchi la mbele.

“Shemeji, mwanao akikosa leo mnahama mtaa,” jamaa mmoja alimtania. Watu wakacheka.

“Hakosi huyo. Nimemzaa mimi.”

Ndipo redio ikasema: amekosa, mpira umepaa juu ya goli.

Kwenye tivii Hamduni alikuwa bado anauweka mpira chini. Bi Riziki akasimama, kanga kaishika kifuani, anatabasamu. “Baba Hamduni, mtazame mwanao.”

Kibwana akamtazama mkewe. Kidole kilikuwa tayari kwenye swichi ya tivii ukutani, na umeme mtaani hapo hukatika kila siku. Wewe ungezima?