Hatua za Mwanakombo

Siku hizi kila mtu anaona kwa macho ya mashine, na Shekue, mshonaji wa Tanga, alikuwa amebadilishiwa kadi ya picha, ile inayochora kila anachokiona. Rangi ziling'aa hata akaona kila uzi wa kanga ya mkewe, Mwanahamisi. Lakini vitu vilirukaruka. Chai ilikuwa kwenye birika, mara ikawa kikombeni.

Akampigia fundi.

"Kadi yako ni kali, bwana, ila prosesa, ubongo wa macho yako, imechoka," fundi akamwambia. "Kadi inakaa bure ikingoja prosesa iiambie cha kuchora. Zinapita sekunde kadhaa hujapata picha nyingine."

Mara Mwanahamisi akapiga vigelegele. Binti yao, Mwanakombo, aliyekuwa ameketi mkekani, sasa alikuwa mikononi mwa mama yake.

"Umemwona, baba? Ametembea!"

"Ametembea? Si umembeba?"

Mwanahamisi akamtazama, asielewe. Akamrudisha mtoto mkekani. Shekue akapiga magoti, akafungua mikono, akajizuia hata kupepesa macho. Mtoto alikuwa mkekani. Kisha vidole vidogo vikamshika shingo.

"Umeona sasa?"

"Nimeona," Shekue akajibu, huku akizipapasa nyayo za mtoto, akitafuta vumbi la sakafuni.