Maji ya Mkaguzi

Kanga alikuwa mwalimu wa afya, na kazi yake kubwa ilikuwa kuimbisha. Mtoto akiuliza swali, aliambiwa akae chini asiharibu wimbo.

Siku moja mkaguzi Korongo alifika darasani. Kanga akatikisa manyoya yake ya madoa, na watoto wakaimba kwa sauti moja: "Maji tuchemshe, ndipo tuyanywe!"

"Hawa wameiva," Kanga akajigamba.

"Mbona nusu ya madawati ni tupu?"

"Wanaharisha. Uzembe wa mama zao tu."

Jua lilikuwa kali. Kanga akamtuma Pelele, aliyekuwa wa kwanza darasani, amchemshie mgeni maji ya kunywa. Pelele hakukawia kurudi na kibuyu cha maji. Korongo akazamisha mdomo wake mrefu kibuyuni, akanywa mafunda matatu, kisha akashtuka.

"Yamepoa saa ngapi? Sufuria si ile pale, bado inafuka moshi?"

"Yalikuwa yanaunguza, mzee," Pelele akasema. "Nimeyapoza kwa maji ya mtoni, nusu kwa nusu. Ndivyo tunavyofanya sote, hata ya mwalimu."

Kibuyu kilimponyoka Korongo. Kanga akashika tumbo lake, lililokuwa likimsokota tangu Jumatatu.

"Lakini niliwaambia mchemshe!" akapiga kelele.

"Tunachemsha, mwalimu," Pelele akajibu, machozi yakimlengalenga. "Nilikuuliza moto unayafanya nini maji. Ukaniambia nikae chini."