Malkia Gubu na Mama Mkwe

Mama mkwe alikufa kwa mara ya nne jioni ile, na kila akifa alizidi kucheka.

"Nirudishe!" alimwambia mjukuu wake, pedi ya gemu kaibana mapajani kama anayeshika kuku asitoroke. "Nirudishe haraka, huyu mwanamke leo atanitambua!"

Mwanamke mwenyewe alikuwa Malkia Gubu. Kwenye runinga, katika Nchi ya Rangi, ambako milima ni ya zambarau na mawingu yanatafunika, yeye ndiye aliyemkosesha raha Dunda, yule shujaa mdogo wa mviringo, mwenye rangi ya machungwa. Gemu lilishafika toleo la tano. Katika kila toleo Dunda alimshinda Malkia, na katika kila toleo Malkia alirudi na gubu lake jipya. Watoto walimpenda kuliko hata Dunda.

Aliyemchora alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, jasho linamtoka.

Alikuwa na sababu. Kabla ya harusi yake, mchoraji huyu alimchora mjomba wa mchumba wake, tumbo limeshaingia sebuleni na mwenyewe bado yuko nje anavua viatu. Mchoro ukapita mkono kwa mkono hadi ukamfikia mjomba, na harusi nusura ivunjike. Mchumba alimsamehe kwa sharti moja. "Siku nikimkuta mtu wangu ndani ya kazi yako," alimwambia bila hata chembe ya kicheko, "nachukua nguo zangu naondoka." Mchoraji akala kiapo. Alimpenda mno mwanamke yule, na mpaka leo anampenda.

Halafu akaja Malkia Gubu. Hakumchora kwa ubaya, haki ya Mungu tena! Mkono ulijiendea tu, na ulipomaliza alimtazama akacheka peke yake mpaka wenzake kazini wakageuka. Bahati nzuri mkewe hakuwahi kuligusa gemu lile; kwake hayo yalikuwa mambo ya watoto. Lakini leo mama mkwe amekuja kuwatembelea, mjukuu kampa pedi, na kama kuna mtu duniani angeweza kumtambua Malkia Gubu, ni mama huyu.

"Mama, huchoki? Nikuletee chai?"

"Kaa chini, baba, unanizibia."

Mkewe akapita na taulo begani. "Mimi naenda kuoga. Nimebandika maharage, uyachungulie tafadhali, maji yasikauke."

"Nimesikia," alijibu mchoraji, naye hakuwa amesikia kitu.

"Bibi, angalia, anaanza!" binti yake alipiga kelele. "Akikunja mkono wa kulia wa gauni, jiandae. Akitabasamu, jiandae zaidi. Akisema hana neno, ruka! Hapo ndipo paa linaposhuka!"

Malkia Gubu akakunja mkono wa gauni. Akatabasamu. "Mimi sina neno," akasema kwa upole wa kuogofya. Dunda akaruka, paa likaporomoka nyuma yake, na mama mkwe akapiga vigelegele vya kumwamsha jirani.

Mara akaiweka pedi chini. Akavaa miwani, akaisogelea runinga.

"Hebu ngoja kwanza. Huyu mtu namjua."

Mchoraji akadakia haraka. "Ni katuni tu, Mama."

"Katuni gani! Tabasamu lile! Hilo 'sina neno' lenye gunia zima la maneno ndani yake!" Akamgeukia mkwewe, akamkazia macho. "Huna haya, wewe. Umethubutu kumchora mama yako mzazi!"

Mama mkwe akamwashiria mjukuu simu.

"Mpigieni. Mpigieni sasa hivi!"

Binti alishabonyeza simu zamani. Bibi wa upande wa pili akapokea, na sauti yake ikajaa sebuleni.

"Mwenzangu," mama mkwe alimwambia, "mwanao kakuweka kwenye gemu! Malkia Gubu ni wewe!"

"Mimi?" Kikaanguka kicheko huko. "Gemu hilo nalicheza na wajukuu wa huku tangu mwaka jana, nikanyamaza kwa kukustahi tu. Malkia Gubu ni wewe, mama! Wewe mtupu!"

"Mimi nina gubu?"

"Kwani mimi ninalo?"

Wakachekana, wakataniana, mpaka mama mkwe akashika mbavu akiomba apumzishwe. Mchoraji naye akacheka mpaka machozi. Amepona! Kila mmoja anamsukumia mwenzake, na kesi imekosa mshtakiwa. Akamnyanyua binti yake, akazunguka naye sebule nzima. Toleo la sita, la saba, la nane, angemchora Malkia mpaka mvi zimuote!

"Baba," binti alisema akiwa bado huko juu, "nini kinanuka?"

Mchoraji akamshusha. Vicheko vikakatika kimoja kimoja, hata cha kwenye simu. Mlangoni alikuwa amesimama mkewe, taulo kichwani, sufuria mkononi. Ndani ya sufuria maharage yalikuwa meusi tii.

Hakufoka. Aliiweka sufuria sakafuni, taratibu. Akakunja mkono wa kulia wa gauni. Akatabasamu.

"Mimi sina neno," akasema.

Wote watatu waliruka nyuma ya kochi, na mama mkwe ndiye aliyetangulia kufika.