Kakakuona na Begi la Vifaa

Hii msibishe. Kakakuona, fundi pampu, aliitwa kazini katika jiji la ng'ambo ya mpaka, ambako maji yalikuwa yamekatika. Aliposhuka basini tu, akajiviringa juu ya begi la vifaa, akimtilia shaka kila aliyepita.

"Karibu fundi, lete mzigo nikupokee," akainama Twiga, mwenyeji aliyemwita.

"Koma! Mimi si mshamba wa kuibiwa!"

Ngedere, aliyekuwa amesimama kando, akamnong'oneza Kakakuona, "Safi, kaka. Huku usimwamini mtu."

"Afadhali nimempata mwenye akili!" Kakakuona akamwachia begi, akamtimua Twiga hadi barabarani. Aliporudi kifua mbele, Ngedere hayupo, begi halipo.

"Haya fundi," Twiga akamuuliza kwa mbali, "pampu yetu utaifungua kwa meno?"

Na kakakuona, kama hamjui, hana hata jino moja.