Puti Chini ya Zulia

Siku mguu wa binti wa Mwanakombo ulipozama kwenye sakafu ya gari la shule, likiwa mwendoni, wewe, mzazi mwenzake, ulimpa pole, kisha ukageuza uso.

Mwaka mmoja baadaye, Msellem, dereva wa gari lilelile, alilikuta gereji, limepakwa rangi mpya ya njano. Rangi hakuitazama. Aliinua zulia la nyuma, wanakokaa wadogo, akachukua bisibisi na kuidunga sakafu. Ikazama hadi mpini. Alipoichomoa, ilitoka na puti mbichi ya kuzibia matundu na gazeti lililosokotwa, na kutu ikamwagika kama majani ya chai. Kupitia tundu aliuona mchanga wa gereji.

"We mzee, unamchana bibi harusi!" fundi Shebe akacheka.

"Nilikwambia ukwangue mpaka chuma king'ae. Ukate bati bovu, uchomelee jipya, ndipo upake rangi."

"Bosi wako anasema wakaguzi wanatazama rangi tu. Kila mwaka tunajaza hivihivi, leo ndiyo umeota macho?"

"Macho ninayo tangu mwaka jana. Mdomo ndio sikuwa nao."

Kicheko kikamkauka Shebe. "Anakuja kulichukua sasa hivi. Akikuta tundu, kibarua chako kimeota nyasi."

Nje honi ya bosi ikalia. Msellem akapiga magoti, akasogeza bisibisi chini ya siti ya pili, akadunga tena.

Na wewe, kesho asubuhi, kabla hujampandisha mwanao, inua zulia. Dunga.