Nati Iliyogoma

Tangu nirudi kutoka chuo cha ufundi, kila asubuhi nilimpangia Baba spana zake juu ya gunia, bila kumshauri lolote. Siku hiyo, kabla sijamaliza, mpira wa haidroli wa trekta, unaopitisha mafuta ya kuinulia jembe, ulipasuka, mafuta yakatapakaa. Mvua ilikuwa inanukia na nusu ya shamba haijalimwa.

Baba akaleta mpira mpya. Nati yake ikazunguka kwenye pampu mara mbili, ikagoma.

“Mbishi huyu. Ataingia tu!” Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana apate nguvu.

Meno ya pampu, pale nati inapojifunga, yakiliwa, hakuna kulima tena. Nikamshika mkono.

“Baba, subiri.”

Nikapitisha ukucha ndani ya nati ya zamani, kisha ya mpya. “Meno ya zamani yamebanana. Ya hii yameachana. Nati zinafanana sura tu.”

Nikatungua ukutani mpira mwingine wenye meno yaliyobanana. Nati ikaingia kwa vidole vitupu.

“Duh! Ningeua pampu.” Akajifuta mikono, akaendelea kuifuta hata ilipokuwa safi.

“Ulipokwenda chuo nilisema unapoteza muda,” akasema. “Uongo. Niliogopa hutarudi. Asante kwa kurudi, mwanangu.”