Kibali cha Kulisha

Siku hizo mtoto mchanga halishwi ila na mwenye kibali, na bangili mkononi mwa mtoto hupiga kelele kijiko kikishikwa na mwingine, hata akiwa mama mzazi. Tausi alinyimwa kibali kwa kumlambisha mwanawe Shani asali kabla hajatimiza mwaka. Basi akawa anakaa pembeni, akimtazama wifi yake Mwanahawa akimpondea Shani boga na kumchambulia samaki miiba, mtoto akimchekea.

"Leo anakula vizuri, wifi."

"Naona," Tausi alijibu, roho ikimuuma.

Alisoma, akatahiniwa tena, akafaulu. Asubuhi iliyofuata alipika uji mwenyewe, akaupoza, akamketisha Shani wima. Bangili ikanyamaza. Lakini Shani alifumba mdomo, akageukia mlangoni alikosimama Mwanahawa.

"Jifunge kanga yangu," Mwanahawa alisema kwa upole, akimpa.

Tausi alitamani kuitupa nje, ila mtoto alikuwa na njaa. Akajifunga. Shani akainusa, akafungua mdomo, akala mpaka bakuli likabaki tupu.

"Si unaona?" Mwanahawa alitabasamu.

Tausi alimpangusa Shani mdomo. Alikuwa akiwaza namna ya kumwomba wifi yake asiifue ile kanga.